Damu Safi

Hasina aliomba damu yake itoke mbaya.

Wenzake kwenye benchi la kliniki walikuwa wakimwomba Mungu majibu mazuri. Yeye mazuri alishayapata mara mbili na hayakumfaa kitu. Upungufu wa damu, hakuna. Sukari, hakuna. Ugonjwa usio na jina hauna dawa, na marehemu mama alianza hivi hivi: uchovu, kisha usingizi, kisha asubuhi moja wakamwamsha asiamke. Hasina hakutaka kuiona asubuhi ile mara ya pili.

Leo yalikuwa majibu ya tezi ya shingo. Damu ilipelekwa Tanga mjini wiki iliyopita, na tangu hapo hakuwa na raha. Alfajiri aliikimbilia pantoni ya kwanza kutoka Bweni, akaidaka ikiwa inang'oa nanga.

Daktari Devota alimwita ndani, akafungua karatasi.

"Tezi inafanya kazi vizuri, dada. Damu yako ni safi."

Hasina akazirudia dalili zote upya, asije akawa amesahau kitu: usingizi usiokwisha, nywele zinazobaki kwenye kitana, sauti ya kukwaruza, baridi katikati ya joto la kaskazi, ngozi iliyokauka kama samaki wa ng'onda. Daktari akamshika mkono. Ulikuwa laini, una joto. Akamwambia ameze mate, akampapasa shingo, hakuona uvimbe. Akaweka kalamu chini.

"Kama kuna jingine unanificha, niambie. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hasina akatazama sakafu. Akasema hakuna jingine.

Daktari akauliza hali hii ilianza lini. Ilianza baada ya Ramadhani, akajibu, ikazidi tangu wamzike shemeji Mselem. Hapo uso wa daktari ukafunguka, maana hospitali ndiyo tabia yake: ikikosa ugonjwa, husema ni mawazo. Akaandika kuwa ni majonzi. Akashauri mapumziko, chakula kizuri na matembezi ya jioni, akafunga faili. Vipimo vingine havikuhitajika.

Hasina alirudi ng'ambo jua likiwa utosini. Kwenye pantoni alilia waziwazi, na mama mmoja mwenye tenga la dagaa akampa pole bila kujua ya nini. Hakubaki daktari wa kumwendea. Makombe ya mwalimu Luqmani, aya za kuandikwa kwa zafarani na kuoshwa, yalishanywewa mpaka zafarani ikaisha, na mizizi ya mganga wa Maramba ilichemshwa hadi sufuria ikageuka rangi. Alikuwa amekata tamaa, na hakuwa na haja ya kujidanganya.

Nyumbani alipita moja kwa moja hadi chumba cha ndani. Dada yake Tausi, mjane wa Mselem, alikuwa siku ya hamsini ya eda. Mama mkwe wa Tausi alishaapa kuwa mwenye eda havuki kizingiti mpaka siku zitimie, hata nyumba iungue.

Tausi alilala chini ya mashuka mawili, na joto lote lile. Akafumbua macho kwa shida.

"Wamesemaje?" aliuliza, sauti ikikwaruza.

Hasina akakaa ukingoni mwa kitanda, akaifunika miguu ya dada yake iliyovimba.

"Huna kitu, dada. Wamenitoa damu mara tatu, na mimi na wewe damu yetu ni moja, baba mmoja, mama mmoja. Ungekuwa unaumwa, wangeuona ugonjwa."