Kitasa cha Ndani

Fundi wa majokofu alijifungia ndani ya chumba cha baridi, palepale mdogo wake alipokutwa amekauka kwa baridi, akawasha tochi na kukikodolea macho kitasa cha ndani. Nje alisimama mlinzi, tayari kumfungulia akigonga.

Meneja wa ghala la nyama alikuwa na jibu lake: marehemu alilewa, akalala humo. Uongo mtupu. Mdogo mtu pombe hakuionja; hata dawa ya kikohozi alinyweshwa kwa kushikwa mikono. Na vidole vyake vilikutwa vimechubuka kwa kuugonga mlango.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji," mjane alikuwa amemwambia asubuhi, macho yamevimba. "Kuna mtu amemuua mume wangu. Nitafutie. Nataka nimtazame usoni."

Fundi akaapa mbele ya mama yake kwamba atamleta, awe nani.

Kitasa hicho alikiweka mlangoni yeye mwenyewe. Ukikisukuma, mlango unafunguka hata kama umekomewa kwa nje. Kila wiki mdogo wake, aliyefanya kazi humo, alikipaka nta, maana juu ya nta unyevu hujikusanya matone matone, na barafu huchelewa kushika. Kwenye chuma kitupu, kisafi, maji hutandaa kote, na barafu huota upesi, nene.

Sasa alikuwa akiiona. Upande wa chini, palipobaki nta kidogo, palikuwa na matone tu. Juu, na kulizunguka shina lote linaloingia mlangoni, barafu ilikuwa imeota manyoya meupe. Akakisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Hakikusogea. Hapo uchungu ukamzidi, akalia.

Mtu alikuwa ameisugua nta ikatoka. Fundi akagonga, akafunguliwa, akamkaba mlinzi ukosi wa shati. Nani alikisugua kitasa? Mlinzi akababaika, akasema yeye hataki kesi na mtu. Alipobanwa zaidi, akamnong'oneza sikioni.

Fundi akamwachia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisha akamsihi neno hilo alimeze na asilitapike kwa mtu yeyote.

Mjane alikuwa akimsubiri getini pamoja na mama mkwe wake.

"Umempata?"

"Nimempata," fundi akasema. "Ni mimi, shemeji. Springi niliyoiweka kwenye kitasa cha ndani ilikuwa mbovu, na nilijua."

Kofi lilimpata shavuni. Mama yake akamtazama mara moja tu, akageuza uso.

"Mimi nisiye fundi," mjane akasema, "siku ya kuamkia ukaguzi wa ghala nilikuja kumsaidia mume wangu usafi asije akafukuzwa. Yeye anapakua nyama, mimi hicho kitasa nakisugua kwa sabuni na brashi ya chuma, kwa mikono hii, mpaka kikang'aa. Wewe, ndugu yake wa tumbo moja, ulimfanyia nini?"