Askari Aliyebaki Ukutani

Siku hizi filamu ya vita husimama kila mtu anapouawa, mpaka mtazamaji amtaje marehemu kwa jina, ndiyo sheria. Ya Majimaji tulianza kuionyesha mwaka juzi kwenye ukuta wa chumba cha kulia, na wazee wetu wote tukawataja bila kukwama. Kisha akaanguka askari wa Wajerumani, Mwafrika mwenzetu, ghala la kijiji likiwaka nyuma yake.

“Huyo mwacheni hapohapo,” alisema Bibi Skolastika.

Wiki nzima akabaki ukutani, macho wazi, akitutazama tukila. Mimi nilihamisha kiti nikampa mgongo.

Jumapili Bibi alipakua sahani moja zaidi, akaiweka upande wa ukuta.

“Anaitwa Rashidi Mbawala. Ni wa ukoo wetu. Tulikatazwa kumtaja.”

Askari akafumba macho, moto ukaendelea kuwaka. Nami nikageuza kiti, nikala nikimtazama.