Kikombe cha Plastiki

Daktari alibandika picha ya ubongo wa Raya kwenye taa ya ukutani. Ilikuwa na madoa meupe, kama matone ya maziwa.

"Damu yake ina kingamwili nyingi za kirusi ambacho karibu sote tulikipata utotoni," alisema. "Kwetu kimelala. Kwake, inaonekana kinga ya mwili imekosea adui, inaushambulia ubongo. Alianza lini kuangusha vitu?"

Raya hakukumbuka. Aliyekumbuka ni mama mkwe wake aliyeketi kando yake, Bi Mafunda, aliyehesabu kila chombo kilichovunjika na kuwatangazia majirani kwamba mke wa mwanawe anafanya makusudi ili asitumwe.

"Kikombe, siku ya Idi," alijibu Bi Mafunda. "Mwezi uliofuata, sahani mbili. Halafu bakuli langu la supu."

Daktari aliandika yote. "Laiti kila mgonjwa angekuwa na mtu wa kumwangalia hivi, mama."

Raya alitazama sakafu.

Nje, kwenye benchi, Bi Mafunda alifungua kikapu. Mlikuwa na chupa ya chai, kikombe chake cha kauri chenye maua, na kile cha plastiki, cha kitoto, alichomtengea Raya tangu siku ya bakuli. Akajimiminia chai kwenye plastiki. Kile cha maua akampa Raya.

"Mama, nitakivunja."

"Shika, mwanangu."

Raya alikipokea kwa mikono miwili. Chai ikaanza kutikisika. Chini ya kikombe, mikono ya Bi Mafunda ilikuwa wazi, isijue idake au ingoje.