Simu ya Mkewe kwenye Ruta Namba Tano

Simu ya mkewe ilitoweka kwenye ruta namba mbili, na kabla fundi hajameza funda lake la chai, ikaibuka kwenye namba tano.

"Haya sasa!" alisema peke yake mle kichumbani, chini ya ngazi. "Kapanda tena."

Jengo zima lilikuwa na ruta moja tu ya kugawa intaneti, chuma kimoja kilichofungwa ukutani. Lakini fundi alikuwa ameigawa kwa ndani, ikawa inafanya kazi kama ruta tano, kila mpangaji na yake. Duka la dawa la chini, alikoajiriwa mkewe, lilikuwa namba mbili. Ghorofa ya juu kabisa ilikuwa namba tano. Kati ya namba na namba aliweka ukuta, na hakuna mpangaji aliyeweza kuchungulia mambo ya mwenzake. Aliyeziona zote, kwenye kompyuta yake, ni fundi peke yake, naye alimwahidi mwenye jengo kwamba atachungulia pale tu itakapotokea hitilafu.

Aliahidi, ndiyo. Lakini wivu ule, jamani! Mtu gani anampigia mkewe simu kazini kumuuliza ni nani aliyecheka nyuma yake? Mtu gani ananusa mtandio wa mkewe akirudi nyumbani? Mke alikuwa ameshamwambia, "Mume wangu, nimechoka kulindwa kama mahabusu." Fundi akasikia neno moja tu: kachoka. Kachoka kwa sababu kuna mahali anapumzikia, aliwaza, na usiku ule hakulala.

Na sasa mahali penyewe amepajua. Mpangaji wa namba tano alikuwa amehamia juzi juzi tu. Kuta zilikuwa bado zinanuka rangi na mlangoni hapakuwa na kibao. Bwana mrefu, viatu vinang'aa, sauti ya chini ya kubembeleza. Siku fundi alipomtengea ruta yake, yule bwana alimwambia, "Kaka, ukuta wangu uwe mnene. Watu wanaokuja kwangu hawapendi kujulikana."

Siku ile fundi alicheka. Leo maneno yale aliyaelewa vingine.

Alikumbuka ya asubuhi. Mkewe, aliyekuwa amemnunia kwa muda mrefu, aliamka na uso mwingine kabisa. Alimnyooshea kola ya shati, akamwambia, "Mchana nina shughuli moja tu. Nikiimaliza tutoke tukale, mimi na wewe." Wema wa ghafla namna ile! Kwa fundi, huo ulikuwa wema wa mtu aliyekosa.

Aliikwapua kompyuta yake ikiwa wazi vilevile, simu ya mkewe inaonekana pale pale kwenye namba tano, akatoka. Roho ilikuwa inamuuma kama jino bovu.

Mlinzi wa mlangoni alimwona anakwenda mbio. "Vipi, fundi? Shemeji naye kapanda juu sasa hivi."

"Najua alipo. Hivi huyo bwana wa juu, wanawake wengi wanakwenda kwake?"

"Wanawake, wanaume, wote wanakwenda. Wengine wanashuka wanafuta machozi. Si unajua, yule bwana kazi yake ni..."

"Naijua kazi yake!" fundi alifoka, akaanza kupanda ngazi mbili mbili.

Njiani alijipangia maneno. Atasema hivi, kisha atasema vile, na huyo bwana wa viatu atajuta kuhamia jengo hili. Alipofika juu maneno yote yalikuwa yameyeyuka, amebakiwa na pumzi tu na hasira. Alisukuma mlango bila hodi.

Mkewe alikuwa ameketi mbele ya meza, leso mkononi. Yule bwana alikuwa upande wa pili, amevaa miwani. Mke alishtuka, kisha, ajabu, akatabasamu.

"Mume wangu! Umejuaje kama niko huku?"

Hilo ndilo swali fundi alilokuwa akilitamani. Aliitua kompyuta mezani kwa kishindo, akawageuzia kioo.

"Nimejuaje? Tazameni basi! Mlidhani mmejificha? Huu hapa mtandao wa huyu bwana, na hii hapa simu yako. Juzi ulipanda, nikakuona. Jana ukapanda, nikakuona. Ukiwa dukani naona unafungua nini, ukitoka naona umetoka. Tangu siku ulipoajiriwa hapa sijakupoteza machoni hata kidogo!"

Tabasamu la mkewe lilikufa palepale.

"Tangu siku nilipoajiriwa?"

"Tangu siku hiyo hiyo!" fundi alijibu, kifua mbele. "Haya, sasa niambieni. Mnafanya nini humu?"

Yule bwana alivua miwani yake, akamtazama mwanamke kama anayesubiri ruhusa. Mke aliikunja leso taratibu, akaitia mkobani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Wakili," alisema, "lile ombi la talaka nililokuja kukuambia ulichane, usilichane."