Mawaidha ya Nguchiro Kibutu

Paliondokea nguchiro aliyeitwa Kibutu. Mkia wake na ndugu zake wawili viliishia katika vita na fungo vya kugombea kichuguu. Vijana walipotaka kuvirudia, mjane wa ndugu yake alimwendea.

"Shemeji, wakanye wanangu. Wewe vita unavijua."

Kibutu akawaeleza habari za maiti na njaa. Vijana wakapiga miayo. Ili kuwaamsha, akataja kidogo nyimbo walizoimba yeye na wenzake njiani kwenda vitani, vigelegele vya kina mama, na yai moja walilogawana wakiwa kumi bila ugomvi. Sauti ikampanda. Alipomaliza, vijana walikuwa wamejipanga safu.

"Shemeji, umewakanya au umewaita?" mjane alilia.

"Nimewakanya vikali," alijibu Kibutu, huku akimsukuma mmoja wao. "Sogea, mwanangu. Hapo mbele ni pangu."