Mkono wa Galih

Siku ya saba baada ya maziko yake, Galih alibadilisha rangi ya kitufe.

Badiliko hilo lilikutwa katika Git, daftari la kompyuta ambalo, katika karakana ile ya tovuti mjini Yogyakarta, lilihifadhi kila mstari ulioandikwa, saa yake na jina la mwandishi. Kitufe kilikuwa cha duka la batiki. Jina lilikuwa la marehemu.

Siku ya nane akasahihisha menyu. Ya tisa akaondoa nukta moja tu. Hapakupita siku bila mkono wake, hata Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa.

Bu Wening, mchoraji wa kurasa, hakuthubutu tena kubaki ofisini peke yake. Pak Handoko, mwenye karakana, alisema roho huzungukia ilipozoea hadi arobaini, kisha huenda zake. Wakamsomea Yasini, wakamwachia. Hata katika uhai wake Galih alipenda kutania kwamba atakaye kujua kama yu mzima asimpigie simu, atazame daftari.

Kiti chake alikikalia Ratri, mdogo wake, aliyepokewa ajifunze kazi kwa kompyuta ileile, akienda nayo hadi nyumbani. Angeajiriwa pindi kazi yake itakapoonekana daftarini. Nafasi nyingine hakuwa nayo.

Arobaini ikapita. Siku ya arobaini na moja, Galih akaandika mistari kumi na miwili.

Pak Handoko akamwita Ratri.

“Nduk, binti yangu, kaka yako kaburini anakushinda kazi wewe unayepumua. Tangu uingie sijaona hata mstari mmoja wenye jina lako. Nikuweke kwa lipi?”

Aliyemwokoa ni Tegar, fundi mkuu, ambaye kazi zake alizifanyia Surabaya na siku hiyo ndiyo kwanza afike. Aliitazama kompyuta ya marehemu kwa muda usiotosha kupoza chai, akacheka hadi akajifuta macho.

“Mzimu wenu huu hapa, umevaa ushungi. Mashine bado inamjua Galih, Dik, mdogo wangu. Kila unachoandika inakitia jina lake. Somo la kwanza kabisa ni kujitambulisha kwa mashine, na wewe ndilo ulilolisahau?”

Bu Wening akashusha pumzi aliyoizuia siku thelathini na nne. Pak Handoko, kwa haya, akasema basi mistari yote ni ya Ratri na kazi ni yake, mradi atie jina lake sasa hivi.

Tegar akamsogezea kompyuta. Vidole vya Ratri vikabaki hewani.

“Sikulisahau, Mas Tegar. Siku ya kwanza niliandika jina langu, kisha nikalifuta. Mama yuko Taiwani, anatumikia nyumba ya watu. Kila alfajiri hulifungua daftari hili kwenye simu yake. Bado hajaambiwa.”