Kikombe cha Mwanakheri

Bi Sauda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimuuliza Hizza anataka biti ya drili ya kutoboa nini, mbao au ukuta.

"Chuma," alisema Hizza, akaichukua ile ya bei rahisi inayong'aa kama dhahabu.

"Chuma gani?"

"Kikombe cha stili. Cha mke wangu."

Katika mji ule, chombo cha marehemu hutobolewa kabla ya kuwekwa juu ya kaburi, asije mtu akakitumia. Bi Sauda alimpokonya taratibu ile biti.

"Hiyo ni rangi tu, baba. Stili itaila mara moja. Chukua hii ya kobalti, ndiyo ngumu. Gonga alama kwa msumari kwanza, dondosha mafuta, na usiikimbize drili. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa," alijibu Hizza, kama watu wanavyojibu.

Nyumbani alikifudikiza kikombe juu ya gogo, kitako juu, akafanya kama alivyoambiwa. Biti ilizama, ikatema nyuzi za chuma zilizojiviringa. Tundu lilitoka safi. Alilipitishia tupa ukingoni lisije likamkata mtu mkono, ndipo akakumbuka kwamba hakuna tena wa kukitumia.

Akakisuuza. Birika lilikuwa limechemka, na mkono ukafanya ulichozoea kila asubuhi: ukammiminia Mwanakheri kwanza, mpaka juu.

Chai ikaanza kumdondokea miguuni. Hizza aliliziba tundu kwa kidole, akasimama pale jikoni, akingoja imuunguze.